Mpira Mwekundu wa Baiskeli ya Baba

Juma lililopita fundi alikuja nyumbani kwangu kubadilisha mpira wa mlango wa mashine ya kuoshea vyombo. Ule wa zamani ulikuwa umechakaa na kukakamaa kwenye kona, na kila nikiwasha mashine, maji yalichuruzika mpaka katikati ya jiko. Fundi akapenyeza bisibisi kwenye mfereji wa mlango, akauvuta, ukatoka wote kwa mkupuo mmoja. Harufu yake ikanifikia pale nilipokuwa nimesimama. Ilikuwa harufu ya mpira mkuukuu uliolala na sabuni na maji ya moto, na kwa muda nikasahau kwamba niko Dodoma, kwamba ni mtu mzima, na kwamba kwenye sufuria nyuma yangu maharage yanaungua.

"Mama, huu wa zamani niutupe?" akaniuliza. Ni kijana mwenye adabu.

Nikatoka uani, nikajishika kiuno, nikalia. Mama yangu nilimzika Manyoni kabla ya mavuno ya mwaka huu, na nilidhani machozi ya msiba nimekwisha kuyamaliza.

Nianze na mikono yake. Wenzangu wa rika langu mnaikumbuka miaka ile milango ya nchi ilipofunguliwa na maduka yakajaa vitu. Kabla ya hapo tulikuwa tukiosha vyombo kwa majivu, na kipande cha sabuni kilifichwa kwenye sanduku pamoja na vyeti vya ubatizo. Kisha, kama mchezo, ikaja sabuni ya unga ya kila rangi, na sisi watoto tulifungua pakiti ili kunusa tu. Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema wakubwa, na kidonda chenyewe kilikuwa kwenye mikono ya mama. Ile sabuni ilikuwa kali. Yeye aliitumia tangu asubuhi hadi alasiri, kwa maji ya moto, akaimalizia na mchanga wa kusugulia masufuria, na ngozi ya vidole ikapasuka mistari kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi.

Alikuwa muosha vyombo nyumbani kwa Mama Zuhura. Mume wa Mama Zuhura, Mzee Hamisi, alikuwa na mashine ya kukamua alizeti pale Manyoni, na mambo yalikuwa yamemnyookea. Wanunuzi walikuja na malori kutoka mbali, na kila aliyekuja alilishwa. Sahani zilipangwa kwenye karo la uani mpaka nikawa simwoni mama akiwa amechuchumaa nyuma yake. Mimi nikitoka shule nilipitia huko. Nilikuwa na kazi moja tu, kubeba ukoko wa pilau kwenye bakuli lenye mfuniko na kuupeleka nyumbani, kwa sababu kwetu anayeosha sufuria ndiye mwenye ukoko wake, na hakuna tajiri aliyethubutu kuivunja haki hiyo.

Jioni mama alipasha nta. Baba alipokuwa hai alileta asali kwa baiskeli kutoka vichaka vya Itigi, na alipofariki iliachwa nta nyingi kwenye chungu. Mama aliiyeyusha kwenye kijiko juu ya kibatari, akaidondosha kwenye nyufa za vidole, tone moja moja, na kila tone lilipoingia alivuta pumzi kwa meno. Mimi nilikuwa nashika kijiko. Niliihesabu nta ile kwa macho, nikaona inakaribia kwisha, na sikujua ikiisha mama atafanyaje.

Baiskeli yenyewe ndugu zake baba waliichukua baada ya arobaini. Walichukua na shoka na koti la mvua. Mpira wa ndani wa gurudumu la nyuma ukaponea kwa sababu ulikuwa umetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, na hakuna aliyetazama nyuma ya mlango. Ulikuwa mwekundu, wa aina ile ya zamani iliyonyumbuka, ambayo wavulana wangeuza hata kuku wapate kipande cha manati. Siku chache kabla ya kuugua, baba aliuziba pancha. Alikata kiraka cheusi, akakizungusha kona kwa mkasi, akakipaka gundi, akaniita. "Foibe, leta kidole gumba. Bonyeza hapo mpaka nikuambie basi." Nikabonyeza. Akaenda kuongea na jirani, akanisahau, na aliporudi akanikuta bado nimebonyeza, mkono unatetemeka. Alicheka hadi akakaa chini. Kiraka kile hakikuwahi kubanduka.

Mama hakuugusa mpira ule wala kuuhamisha. Alifagia nyuma ya mlango kila asubuhi, akaupita.

Basi ndipo Mzee Hamisi akaleta mashine. Ilitoka Dar es Salaam kwenye lori, imefungwa kwa magodoro, nayo ilikuwa ya mtumba kama nguo tulizovaa. Wanaume wanne waliishusha. Mama Zuhura alisimama mlangoni amefunga kanga mbili, akatangaza kwa majirani, "Hiki chombo kinaosha vyombo chenyewe. Unaweka, unafunga, unaenda kusuka nywele." Majirani wakacheka. Bibi mmoja akauliza kama inajua pia kuchambua mchele. Mimi sikucheka. Mimi nilikuwa natazama mikono ya mama, aliyekuwa amesimama nyuma ya wote, akiificha chini ya kanga.

Naomba mnielewe jinsi nilivyofikiri, kwa sababu humo ndimo kosa langu lilimo. Kwetu, mtoto akimwona mkubwa amebeba mzigo hangoji kuambiwa. Anakimbia, anaamkia shikamoo, anaupokea. Mtoto asiyepokea mzigo husemwa mtaa mzima. Na mimi nilikuwa nimeshuhudia mashine moja tu maishani mwangu ikiwapokea watu mzigo, nayo ni mashine ya kusaga. Kabla haijaja, mama alitwanga mpaka mabega yakawaka moto. Ilipokuja, aliacha kutwanga, na hakuna aliyemfukuza mtu. Tena yule mwanamume wa mashine alipewa kiti akakaa kando yake siku nzima akinywa chai. Kwa hiyo nikaona mambo yote wazi kabisa. Mashine itaosha, na mama atakaa kwenye kiti kando yake na kikombe cha chai, mikono yake mikavu, akiiangalia isilete ukaidi. Nilikwisha hata kumchagulia kiti.

Lakini mashine ilikuwa mbovu. Jenereta la kiwanda likiwaka waliunganisha umeme, wakaiwasha, na maji yakamwagika kutoka mlangoni yakalowanisha zulia la sebuleni. Akaitwa Fundi Saidi, mzee aliyekuwa fundi wa reli kabla hajapunguzwa kazini, mtu wa maneno machache na tumbaku nyingi. Akapiga magoti, akapitisha kidole kwenye mlango. "Hakuna kibovu humu isipokuwa mpira," akasema. "Mpira wa mlango umekufa."

Mpira wa namna hiyo haukuwepo Manyoni wala Singida mjini. Fundi akakata kipande cha mpira wa lori, ukawa mnene, mlango haukufunga. Akanunua mpira mpya wa baiskeli dukani, mweusi, mwembamba kama karatasi. Ulishika mara mbili, mara ya tatu maji ya moto yakaulainisha ukachanika. Nilikuwa nimesimama pale jikoni na bakuli langu la ukoko. Nilimsikia akinung'unika, "Unatakiwa mpira wa baiskeli, ila wa zamani. Ule mwekundu."

Nikaukumbuka msumari nyuma ya mlango wetu.

Siku ya pili nilitoroka kipindi cha mwisho. Nikaenda nyumbani, nikautungua mpira msumarini, nikauficha ndani ya sweta la shule, nikakimbia. Mama alikuwa ametumwa sokoni. Nikampata Fundi Saidi peke yake, anakusanya vifaa vyake kwenye kikapu, amekata tamaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Huna shule wewe?"

Nikautoa mpira. Akaushika, akauvuta, ukarudi. Akaunusa. Nikaona uso wake unabadilika, uso wa mtu aliyekutana na rafiki wa ujana.

"Umeupata wapi?"

"Ni wa baba."

Alimjua baba. Walikuwa wakisimama pamoja pale stesheni, baba na madebe yake ya asali.

"Mama yako anajua kama umeuleta?"

"Anajua," nikasema.

Ndiyo hivyo. Neno moja. Kama ningesema hajui, yule mzee angenirudishia, namfahamu, angeniambia nenda kautundike ulipoutoa. Nimelirudia neno lile maisha yangu yote, nikipika, nikifundisha, nikiwa kanisani, na kila mara linatoka vile vile, kwa sauti ile ile ya mtoto anayejiona ana akili.

Akaukata penye vali, akaunyoosha, akaanza kuupachika kwenye mfereji kwa kidole gumba, kutoka chini upande wa kushoto, juu, hadi chini upande wa kulia. Ukatosha. Kiraka cheusi kikatokea kwenye kona ya juu, mkono wa kulia. Mlango ukafunga kwa sauti nzito, mashine ikawashwa, ikanguruma, na kwenye sakafu halikudondoka tone. Mama Zuhura akapiga vigelegele. Akanipa andazi. Nililila lote, nikiwaza kiti.

Siku mbili zilizofuata mama aliniambia vyombo vimepungua. Alisema hivyo huku akidondosha nta, wala hakusema zaidi. Mimi nilimwangalia usoni nikitafuta furaha, nikaona uchovu tu, nikajiambia bado hajazoea.

Siku ya tatu Mama Zuhura alimwita jikoni. Nilikuwepo. Alikuwa ameweka mezani kanga mpya iliyokunjwa na pakiti ya sukari. Sitaki kumsema vibaya, maana hakuwa mtu mbaya na sauti yake ilikuwa ya chini.

"Mama Foibe, sitaki kukuficha. Mzee amesema mashine inatosha, na kwa hayo mengine nina Zuhura. Usidhani kuna baya ulilofanya. Pokea kidogo hiki."

Mama akapokea kwa mikono miwili, akakunja goti. "Nashukuru, Mama Zuhura. Mmenitunza." Kisha akatabasamu kidogo, kwa ile tabia yake ya kutania hata mahali pasipo na utani. "Sasa naomba nimfungue huyu mwenzangu nimwone ndani. Nijue aliyenishinda ana nini."

Mama Zuhura akacheka kwa kufarijika. Mama akainama, akafungua mlango. Akatazama vile vichanja vya waya, na vikombe vilivyopangwa. Kisha mkono wake ukaenda kwenye ule mpira mwekundu. Alipitisha kidole polepole, kutoka chini, juu, mkono wa kulia, na kikafika penye kiraka kikasimama.

Hakugeuka kunitazama. Hilo ndilo lililonitisha. Alisimama pale ameinama, kidole juu ya kiraka, muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko ibada. Kisha akafunga mlango taratibu, jinsi mtu anavyofunga mlango wa chumba chenye mgonjwa, akasema, "Haya, Foibe. Beba bakuli lako."

Tulivuka reli. Nyumbani alitua kanga na sukari, akaenda nyuma ya mlango, akautazama msumari. Akakaa chini kwenye mkeka.

"Ulikuwa unataka nini, mwanangu?"

"Nilitaka kukupokea," nikasema. Nilikuwa nimeanza kulia, ila kwa kuogopa fimbo tu, maana nilikuwa bado sijaelewa. "Mikono yako. Nilitaka mashine ikupokee, wewe ukae kwenye kiti."

"Kwenye kiti."

"Kama yule wa mashine ya kusaga."

Aliniangalia. Midomo yake ikatikisika, nikadhani anataka kucheka, labda kweli alitaka. Akanivuta, akaweka kichwa changu kwenye paja lake, na ile mikono yake yenye nyufa ikapita kwenye nywele zangu ikikwaruza.

"Basi umenipokea," akasema. "Asante, mwanangu."

Kwetu mtu aliyepokewa mzigo hushukuru, hiyo ni desturi. Nami nikaamini shukrani ile. Kwa wiki nzima nilitembea kifua mbele, mtoto aliyempumzisha mama yake, nikisubiri tu aitwe kwenda kukaa kwenye kiti. Nikikumbuka wiki ile ndipo roho inaponiuma kuliko siku nyingine zote.

Tulikula ile sukari, kisha kanga ikauzwa. Mwezi uliofuata mama alikwenda mlimani kuponda kokoto. Pale nyuma ya mji wanawake walikaa juani na nyundo, kila mmoja na rundo lake, wakingoja malori ya wajenzi, kwa sababu miaka ile kila mwenye nafasi alikuwa anajenga. Nilimpelekea uji siku ya kwanza. Nikaona wenzake hawashiki jiwe kwa vidole. Kila mmoja alikuwa na pete aliyoikata kwenye mpira wa ndani wa baiskeli au wa lori, analizungushia jiwe, anapiga nyundo katikati, vidole viko salama nje ya pete. Mama hakuwa nayo. Alishika jiwe kwa mkono.

"Mama Foibe, kesho uje na mpira," mwanamke mmoja akamwambia. "Nyumbani hukosi hata wa baiskeli."

"Nilikuwa nao," mama akasema. "Tumeutumia."

Nyundo ilimpata alasiri ile ile, kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Alirudi amekifunga kwa kitambaa. Hospitali hakwenda, akakipaka nta iliyobaki, yote, mpaka chungu kikawa kitupu. Kidole kilipona kimepinda kwa upande, na tangu hapo hakikukunjika tena.

Hapo nikaelewa. Hakuna aliyenielezea. Nilikaa nje nyuma ya nyumba, nikaunganisha mambo moja baada ya jingine, kiti, mpira, neno langu kwa Fundi Saidi, nyundo, kidole. Nilikuwa na miaka tisa. Nilijua kwamba mimi ndiye, kwamba mama anajua kuwa ni mimi, na kwamba hatasema kamwe. Heri angenipiga. Fimbo ingekwisha jioni ile.

Kokoto zile ndizo zilizonisomesha. Miaka mingi baadaye, nikiwa mwalimu Dodoma, nilinunua mashine hii. Sijui kwa nini niliinunua. Nilisema ni kwa ajili ya wageni. Mama alipokuja kunitembelea niliificha kwa kitambaa cha meza, nikaosha vyombo kwa mikono siku tatu. Siku ya nne nilimkuta ameondoa kitambaa.

"Mbona unajitesa na hii unayo?" akasema.

Akainama kwa shida, akashika goti, akafungua mlango. Akaanza kupitisha kidole kwenye mpira, kile kile kilichopinda. Kutoka chini, juu, mkono wa kulia. Kwenye kona akasimama.

"Huu hauna kiraka," akasema.

Maneno nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeyabeba tangu nikiwa na miaka tisa, na yeye alikuwa amesimama hapo, hatua mbili kutoka kwangu, na kilichotakiwa ni neno moja, nisamehe. Badala yake nikauliza kama atakunywa chai.

"Nitakunywa. Washa basi, tuione."

Nikaiwasha. Nikamletea kiti, nikakiweka kando ya mashine. Mama akakaa, akapokea kikombe, kile kidole kimesimama peke yake nje ya mkono wa kikombe. Mashine ikanguruma. Akakaa hivyo mpaka ikamaliza, akinywa kidogo kidogo, akiitazama isilete ukaidi, na mara moja akanitupia jicho akatabasamu. Nikajua amekumbuka. Nikageuka kuosha sufuria iliyokuwa safi.

Hakurudi tena Dodoma. Miguu ilianza kumsumbua, kisha moyo. Nilipofika Manyoni alikuwa ameshaacha kusema, nikamwambia yote sikioni, nikiwa nimeshika kidole kile, na sijui kama alisikia.

Harufu ya maharage yaliyoungua ndiyo iliyonirudisha ndani. Fundi alikuwa amezima jiko mwenyewe. Mpira mpya ulikuwa umeshaingia mlangoni, na ule mkuukuu bado alikuwa ameushika mkononi, ananingoja.

"Uache," nikamwambia. "Mama yangu aliugusa."